Fimbo ya mwalimu na ngumi za wanafunzi

Shule yenye fimbo nyingi huweza kuonekana tulivu sana. Mistari imenyooka, madarasa kimya, mwalimu akipita kila mtoto anasimama. Nilifundisha katika shule ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha, yaani yule anayeletewa watoto baada ya mambo kuharibika. Kazi hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba utulivu ule ulikuwapo pale tulipokuwapo sisi walimu, basi. Njia ya vyooni, foleni ya bombani, nyuma ya madarasa na zile dakika chache kati ya kipindi na kipindi zilikuwa na serikali yake.

Chukua ile karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka darasani anamwachia kiranja aandike majina, akirudi walioandikwa wanachapwa. Haulizwi mtu. Ni jambo dogo, kila aliyekaa kwenye dawati analijua, ila ukisikiliza watoto mmoja mmoja unagundua kwamba jina kwenye karatasi ile lina bei. Kulikuwa na mmoja aliyemfanyia kiranja kazi zote za hesabu ili asiandikwe. Mwingine alitoa kalamu kila alipopata mpya. Wa tatu hakuwa na cha kutoa, na jina lake lilikuwamo karibu kila siku, ikiwamo siku aliyokuwa mgonjwa kitandani kwao. Aliporudi shule alichapwa kwa kelele za jana yake. Alipojaribu kueleza, akaongezewa kwa kubishana.

Kiranja mwenyewe hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na shule ilikuwa imemkabidhi uwezo wa kuamua nani apigwe leo. Ni watu wazima wachache wangeubeba uwezo huo bila kuutumia vibaya.

Kuna siku nilipita nyuma ya stoo nikamkuta mvulana wa darasa la juu amewapigisha magoti wadogo watatu. Mkononi ana rula ya mbao. Wa kwanza amenyoosha kiganja huku amefumba macho. "Nyoosha vizuri. Ukiutoa mkono tunaanza upya kuhesabu." Halafu, kwa sauti ya upole kabisa: "Mimi sipendi kukupiga, ni wewe unanilazimisha." Nilimjua mwenye maneno hayo. Yalikuwa ya mwalimu mmoja wa pale, neno kwa neno, pamoja na mkono wa kushoto kiunoni. Nilipomuuliza anafanya nini, hakukimbia wala hakuficha rula. "Mwalimu, hawa wamekatisha uwanjani wenzao wakifagia. Nilikuwa nawarekebisha."

Hakujiona mkosaji, na kwa hesabu aliyofundishwa hakuwa mkosaji. Mkubwa akiona mdogo amekosea, anampiga. Yeye zamu yake ya kuwa mkubwa ilikuwa imefika. Hata wale wadogo hawakulalamika kwamba wamepigwa. Walilalamika kwamba yeye si kiranja. Yaani kipigo chenyewe kilikuwa halali machoni pao, kasoro ilikuwa kwenye cheo cha mpigaji.

Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford walifanya jaribio na watoto 72 wa chekechea. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimshambulia mwanasesere mkubwa wa kupulizwa kwa ngumi na nyundo huku akitamka maneno fulani. Watoto hao walipoachwa na mwanasesere yule, walimpiga kwa namna ile ile waliyoiona, na baadhi wakarudia hata maneno. Wakosoaji wamesema tangu zamani kwamba mwanasesere si mtu, na kumpiga mdoli kwenye chumba cha michezo si sawa na kumpiga mwenzako. Ni kweli. Lakini mimi nilikuwa nimeona rula ikitua kwenye kiganja cha mtoto halisi, maneno yakiwa yale yale, kwa hiyo sikuhitaji kushawishiwa sana.

Mkuu wa shule yetu alihitaji. Alikuwa mtu mwenye akili na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Alisema hivi: watoto wanaochapwa sana ndio wanaopigana sana, sawa, lakini wanachapwa kwa sababu ni wapiganaji. Umeona moshi na moto, sasa unataka kusema moshi ndio ulioleta moto. Walimu wengi pale ofisini wakacheka, mjadala ukaisha kwa siku hiyo.

Hoja hiyo ina jibu, ingawa jibu lenyewe halipatikani kwa kuwatazama watoto siku moja. Inabidi uwafuatilie kwa miaka, ukipima ukaidi wao wa mwanzo kabla ya kupima wa baadaye. Tafiti za aina hiyo zimefanyika, na zinampa mkuu wangu nusu ya haki: mtoto mkaidi hupigwa zaidi. Nusu ya pili ndiyo asiyoitaka. Ukichukua watoto wawili walioanza wakiwa na ukaidi sawa, yule anayepigwa zaidi kwa kawaida ndiye anayeonekana kuwa mkaidi na mgomvi zaidi miaka inayofuata. Mambo haya mawili yanasukumana. Mtoto anapigwa kwa ugomvi, ugomvi unaongezeka, kipigo kinaongezwa, na kila upande una ushahidi kwamba mwenzake ndiye aliyeanza.

Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti 75 zenye jumla ya watoto zaidi ya 160,000. Walijibana kwenye kuchapwa kwa kiganja tu, wakaviacha nje vipigo vikali vya kuumiza, kwa sababu watetezi wa adhabu husema kila mara kwamba tafiti zinachanganya kofi dogo na ukatili. Hata hivyo kuchapwa kulikwenda pamoja na ugomvi zaidi, tabia mbaya zaidi, matatizo zaidi ya afya ya akili na uhusiano mbovu zaidi na wazazi. Katika mambo 17 waliyopima, 13 yalikuwa na uhusiano wa wazi na kuchapwa, na yote 13 upande wa madhara. Niseme pia kwamba kwa wastani ukubwa wa uhusiano huo ni mdogo. Mtoto mmoja mmoja anaweza kuchapwa utoto wake wote akatoka mpole, na nawajua wengi. Ila shule haina mtoto mmoja. Kitu kidogo kikizidishwa mara mia saba, kila siku, unakutana nacho bombani.

Hapo ndipo huja sentensi ambayo nimeisikia katika kila kikao cha walimu na wazazi: sisi tulichapwa, na tukawa watu. Siibezi, maana anayeisema mara nyingi anawatetea wazazi wake, na hakuna anayependa kuambiwa mama yake alimkosea. Lakini angalia nani anaisema. Katika ofisi ya walimu kila aliyekaa ni mtu ambaye fimbo haikumfukuza shule. Wale iliowafukuza hawakualikwa kwenye kikao.

Jambo lililonishughulisha zaidi kuliko hata kuigana ni kunyamaza, na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Shuleni pale sheria ya ugomvi ilikuwa fupi: waliopigana wote wanachapwa. Ilionekana ya haki, haina upendeleo na haimpotezei mwalimu muda. Sasa jiweke katika nafasi ya msichana wa kidato cha chini anayesumbuliwa na kundi la wakubwa. Juzi walimvuta nywele, jana wakamwaga vitabu vyake, leo mmoja amemsukuma naye akasukuma. Akija kwangu na kueleza, wataitwa wote. Mashahidi wataulizwa, na mashahidi ni marafiki wa wale. Mwisho wa siku atachapwa pamoja nao, kisha atarudi bwenini kulala chumba kimoja na watu waliochapwa kwa sababu yake.

Msichana huyo hakuja. Aliletwa na matroni kwa sababu kola ya shati lake ilikuwa imechanika hadi begani na shingoni ana alama za kucha. Nikamuuliza kulikoni. "Nimeanguka, mwalimu." Umeangukia wapi? "Kwenye ngazi." Shule yetu haikuwa na ghorofa. Alilijua hilo kama nilivyolijua mimi, akaniangalia moja kwa moja usoni, akasema tena: kwenye ngazi. Hakuwa ananidanganya kwa kweli. Alikuwa ananiomba nisimuulize zaidi.

Mimi kwa kazi ile sikuwa mchapaji, na hilo halikuwa wema wa pekee: mtoto hawezi kukupa siri yake huku macho yake yapo kwenye mkono wako. Lakini haikusaidia sana. Kwa watoto, mwalimu ni mwalimu. Nikipewa habari, habari ilikuwa na njia moja tu ya kwenda, na mwisho wa njia kulikuwa na viboko kwa wote.

Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha mwaka 2011 utafiti uliofanyika katika shule mbili za Afrika Magharibi, moja ikitumia adhabu za viboko na nyingine ikitumia maonyo na kukatazwa mambo. Watoto wa miaka mitatu na minne waliachwa peke yao chumbani na kitu cha kuchezea nyuma ya mgongo wao, wakaambiwa wasigeuke. Wengi waligeuka, katika shule zote mbili. Walipoulizwa kama walichungulia, wale wa shule ya viboko walidanganya zaidi, na walijua kuushikilia uongo wao walipoulizwa maswali ya kufuatilia. Miaka mitatu na minne! Nilipousoma nilimkumbuka msichana wa ngazi. Watu hudhani fimbo inakomesha kosa, kumbe mara nyingi inamnoa mtoto kulificha, na uonevu shuleni hauhitaji kingine zaidi ya kufichwa. Mwonevu anaishi kwa ukimya wa wengine, na shule inamzalishia ukimya huo bure.

Baadaye nilihamia shule nyingine ambayo uongozi wake ulikuwa umeamua kuacha viboko. Ningependa kusema kwamba amani ilishuka. Haikushuka. Muhula wa kwanza ulikuwa mbaya, na walimu waliosema "si tuliwaambia" walikuwa na haki ya kusema hivyo. Watoto waliozoea kuongozwa kwa hofu walipima ukuta uko wapi, na kwa muda hakukuwa na ukuta. Kelele ziliongezeka. Kesi za ugomvi zilizofika ofisini ziliongezeka pia, jambo lililochukuliwa kuwa dalili ya kuporomoka kwa nidhamu. Mimi nililisoma tofauti kidogo, kwa sababu nyingi kati ya hizo zililetwa na watoto wenyewe, kwa miguu yao, kitu ambacho kule nilikotoka kilikuwa nadra.

Ubaya mwingine haukutoka kwa watoto. Baadhi ya walimu waliweka fimbo chini wakachukua ulimi. Mtoto anaitwa mzigo mbele ya darasa, anaambiwa hata wazazi wake wamemchoka, anapigishwa magoti kwenye kokoto kwa sababu kokoto si kiboko. Kijana mmoja aliniambia bora zamani, maana viboko vilikuwa vinaisha. Sishangai. Ukimwondolea mtu chombo pekee alichofundishwa bila kumpa kingine, atatafuta kinachofanana nacho. Chuoni walimu wengi tulifundishwa kuandaa somo na kutunga mtihani, na habari ya darasa lililochemka ikaachwa tuirithi kutoka kwa waliotufundisha sisi.

Kilichopunguza ugomvi mwishowe kilikuwa cha kawaida sana, karibu cha kuchosha. Tuliwapa wanafunzi ramani ya shule iliyochorwa kwa mkono, bila kuandika majina, tukawaomba watie alama mahali wanapoogopa kupita na saa wanayoogopa. Karatasi zilirudi zikiwa zimefanana ajabu: uchochoro mmoja kati ya maabara na ukuta, na bomba la maji mara baada ya chakula cha mchana. Mwalimu wa zamu, ambaye siku zote alikaa kwenye kiti karibu na ofisi, akahamishiwa kiti chake hadi bombani. Ni hivyo tu kwa hatua ya kwanza. Nusu ya ugomvi niliokuwa nikiupokea ulikuwa unazaliwa pale, kwenye foleni isiyo na mtu mzima, ambapo wakubwa walijaza ndoo zao kwanza.

Hatua ya pili ilikuwa kusikiliza wagomvi mmoja mmoja kabla ya kuwakutanisha, na kutokuwa na adhabu ya pamoja. Aliyevunja anatengeneza, aliyechana anashona, aliyemchafua mwenzake jina anasahihisha pale pale aliposemea. Inachukua muda. Kumchapa mtoto ni dakika moja. Kusuluhisha ugomvi wa wasichana wanne juu ya maneno yaliyosemwa bwenini kunaweza kula mchana mzima na bado jioni ukaitwa tena. Anayekuambia njia hii ni rahisi hajawahi kuifanya. Viranja nao walinyang'anywa karatasi ya majina wakapewa kazi ya kuja kuita mtu mzima. Wawili walijiuzulu wiki hiyo hiyo, na nadhani tulijua kwa nini.

Uganda kuna ushahidi mpana zaidi kuliko shule yangu moja. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015 lilihusu shule za msingi 42 za wilaya ya Luwero na mpango wa shirika la Raising Voices unaoitwa Good School Toolkit, unaowashirikisha walimu, wanafunzi na uongozi kubadili mwenendo wa shule nzima. Baada ya miezi 18, wanafunzi 31 kati ya 100 katika shule zilizofuata mpango walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili na watumishi wa shule ndani ya wiki iliyopita. Katika shule ambazo hazikupewa mpango huo walikuwa karibu 49. Ni punguzo kubwa. Na bado ni watoto 31 katika kila mia, kwa wiki moja, mahali ambapo watu walikuwa wanajitahidi. Mimi takwimu hiyo ilinituliza kwa upande mmoja: niliacha kudhani kwamba shule yetu ilikuwa dhaifu kwa kuchukua muda mrefu.

Sheria peke yake haifiki bombani. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na mtu yeyote mwenye mtoto shuleni kule anaweza kukuambia kama viliisha siku hiyo. Tanzania kanuni za mwaka 2002 hazikukataza bali ziliweka mipaka: visizidi viboko vinne, achape mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe kwenye daftari. Sijui kama kuna mwanafunzi aliyewahi kumwomba mwalimu amwonyeshe barua ya ruhusa.

Halafu kuna nyumbani. Mwaka 2018 Frank Elgar na wenzake walichapisha ulinganisho wa vijana 403,604 kutoka nchi 88. Katika nchi zilizokataza kuwapiga watoto shuleni na nyumbani, kupigana mara kwa mara kulikuwa chini kwa asilimia 31 hivi kwa wavulana na asilimia 58 kwa wasichana, ikilinganishwa na nchi zisizo na katazo lolote. Ulinganisho wa nchi hauthibitishi chanzo. Huenda nchi zenye upole ndizo zinazotunga sheria za upole. Kilichonigusa ni kundi la katikati, nchi zilizokataza shuleni tu. Huko wasichana walipigana kwa kiasi kidogo zaidi kuliko katika nchi zisizo na katazo, wavulana hawakuonyesha tofauti. Nilikuwa nimeliona hilo bila tarakimu. Wavulana waliokuja kwangu mara kwa mara walikuwa na baba au kaka waliowapiga vibaya nyumbani, na saa zetu saba za upole hazikushindana na jioni moja ya mkanda.

Uswidi ilipokuwa nchi ya kwanza kukataza hata nyumbani, mwaka 1979, serikali ilichapisha ujumbe kwenye paketi za maziwa ili wazazi na watoto wausome pamoja mezani. Walielewa kwamba mzazi hasomi gazeti la serikali. Sisi tulikuwa na mikutano ya wazazi, na hapo nilikutana na akina mama walioniambia kwa nia njema kabisa, "Mchape tu mwalimu, nimekuruhusu, mchelea mwana kulia hulia yeye." Kuwasomea takwimu hakukubadilisha kitu. Kilichowagusa wachache ni pale nilipowauliza mtoto wao akionewa shuleni atamwambia nani kwanza. Mmoja alikaa kimya, kisha akasema mtoto wake hamwambii lolote siku hizi.

Mwalimu mwenzangu wa hesabu, mwenye darasa la watoto themanini na kitu, aliniambia haya yote ni mazuri kwa mtu anayekaa ofisini na mtoto mmoja na kiti cha ziada. Alitaka kujua afanye nini saa nne asubuhi, peke yake, na mvulana wa nyuma ameanza. Sikuwa na jibu la heshima zaidi ya mambo mawili: awahi kwenda pale alipo mvulana huyo kabla hajamwita kwa sauti, na mazungumzo yafanyike nje ya darasa, si mbele ya watazamaji themanini. La kwanza alilijaribu, akasema linafanya kazi mara nyingi kuliko alivyotegemea. La pili hakulikubali, kwa sababu akitoka nje na mmoja, waliobaki ndani wanakuwa soko. Alimwondoa mvulana akamweka dirishani mpaka kipindi kikaisha. Mimi naona ni kumwaibisha mtoto, yeye anaona ni njia pekee ya kufundisha wengine themanini, na tunaendelea kubishana kila tukikutana ofisini.